Karani wa Mahakama na Ukaguzi wa Mnunuzi wa Bunduki: Jibu kwa Msomaji wa Texas

SWALI: Mimi ni karani msaidizi katika ofisi ya karani wa kaunti hapa Texas, Marekani. Hivi karibuni nimehamishiwa meza ya mashauri ya mirathi na afya ya akili. Nimeelezwa kwamba jaji akitoa amri za aina fulani, ninapaswa kuzituma kwenye idara ya jimbo ndani ya siku 30 ili zitumike kumkagua mtu anayetaka kununua bunduki. Nimekuta pia majalada ya zamani yasiyoonesha kama yaliwahi kutumwa. Naomba kueleweshwa ni nini hasa kinachotumwa, kama kwa kufanya hivyo sitoi siri ya mgonjwa, kama amri iliyokwisha muda wake bado inatumwa, na mtu akishapona jina lake linaondolewa vipi. Nauliza kwa uchungu kidogo, kwa sababu baadhi ya watu hao ni wakimbizi wenzetu waliotoka Kongo, na familia zao nazifahamu.

JIBU: Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutuma, na pia kabla ya kuamua kutotuma, kwa sababu makosa ya pande zote mbili yana madhara. Nitaanza na jinsi ukaguzi wenyewe unavyofanyika, maana bila kuujua huwezi kuona kwa nini karatasi iliyo mezani kwako ina uzito wote huo.

Mtu anapokwenda kwa muuzaji wa bunduki mwenye leseni ya serikali kuu, hujaza fomu iitwayo 4473, ambayo ndani yake anaulizwa, miongoni mwa mengine, kama aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, au kama aliwahi kulazwa kwa amri katika taasisi ya magonjwa ya akili. Muuzaji huwasilisha jina na maelezo ya mnunuzi kwa FBI, katika mfumo wa taifa unaojulikana kwa kifupi kama NICS, ambao makao yake yako Clarksburg, West Virginia, na ambao ulianza kazi Novemba 30, 1998, miaka mitano kamili tangu Rais Clinton alipotia saini Sheria ya Brady, ile iliyoagiza ukaguzi huu. Mfumo huo hupekua hazina tatu za kumbukumbu: ya historia za jinai kutoka majimbo yote, ya watu wanaotafutwa na walio chini ya amri za ulinzi, na ya tatu iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu waliokatazwa kisheria kumiliki silaha. Amri za meza yako huishia katika hiyo ya tatu.

Jibu analopewa muuzaji ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Likiwa ni kusubiri, maofisa wa FBI hutafuta taarifa zinazokosekana, na mara nyingi hulazimika kuwasiliana na ofisi ya karani kama yako ili kujua shauri fulani liliishaje. Kwa kawaida, siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kumkabidhi mnunuzi silaha yake. Kwa hiyo mfumo huu unajua kile tu ulichoandikiwa, na walioandika ni polisi, waendesha mashtaka na makarani wa mahakama. Karani asipoandika, kwa macho ya mfumo lile jambo halikutokea kabisa.

Unaweza kujiuliza kwa nini serikali kuu haikuziamuru tu mahakama zote za nchi zitume taarifa. Sababu ni ya kikatiba. Mwaka 1997, katika shauri la Printz dhidi ya Marekani, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu haina mamlaka ya kuwaamuru maofisa wa majimbo watekeleze mpango wake wa kukagua wanunuzi wa bunduki. Tangu hapo Congress, yaani Bunge la taifa, imekuwa ikiyavuta majimbo kwa ruzuku badala ya amri, na wajibu wa karani, pale ulipo, unatokana na sheria ya jimbo lake. Kwako wewe chimbuko ni Kanuni ya Serikali ya Texas, kifungu cha 411.0521. Nakusihi uwe na nakala ya kifungu hicho mezani, kwa kuwa ni kifupi na kimeandikwa kwa lugha iliyo wazi kuliko miongozo mingi inayokieleza.

Kabla ya kuingia katika kifungu chenyewe, niruhusu nikukumbushe kilichotokea Virginia, kwa sababu ndicho kilichoyasukuma majimbo mengi kutunga sheria za namna hii. Desemba 2005 hakimu maalumu wa jimbo hilo aliamua kwamba mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Virginia Tech alikuwa hatari kwa nafsi yake kutokana na ugonjwa wa akili, akaamuru atibiwe akiwa nje ya hospitali. Kwa tafsiri ya sheria ya serikali kuu, uamuzi huo ulitosha kumkataza kununua silaha. Lakini utaratibu wa Virginia wakati ule ulikuwa ni kupeleka majina ya waliolazwa wodini, si ya wanaotibiwa huku wakiishi nyumbani, hivyo jina lake halikupelekwa. Alinunua bastola mbili kwa wauzaji wenye leseni, akakaguliwa mara zote mbili, na mara zote mbili akaruhusiwa. Aprili 16, 2007 aliua watu 32. Mwanzoni mwa 2008 Rais Bush alitia saini sheria ya kuboresha kumbukumbu za NICS, ambayo ilitoa fedha kwa majimbo yanayotuma taarifa na kuyataka majimbo yanayozipokea yawe na njia ya kumrejeshea haki mtu ambaye hali yake imebadilika. Texas ilitunga sheria yake mwaka uliofuata.

Sasa kifungu chenyewe. Kinamtaka karani aandae na kutuma taarifa kwa Idara ya Usalama wa Umma ya Texas si zaidi ya siku ya 30 tangu mahakama ilipofanya moja ya mambo haya: kuamuru mtu mzima apewe huduma za afya ya akili akiwa amelazwa, kumwachia mshtakiwa kwa sababu hakuwa na akili timamu alipotenda kosa, kumweka mtu mwenye ulemavu wa akili katika makazi ya muda mrefu, kumteulia mtu mzima mlezi wa kisheria kwa kuwa hana uwezo wa kiakili wa kusimamia mambo yake, kuamua kwamba mshtakiwa hawezi kusimama mahakamani kusikilizwa shauri lake kutokana na hali ya akili yake, na, kwa upande wa pili, kumrejeshea mtu haki ya kumiliki silaha. Mwaka 2023 jimbo liliongeza pia amri za kulazwa zinazowahusu vijana waliotimiza umri wa miaka 16, jambo ambalo kabla ya hapo makarani wengi hawakulihesabu kuwa ni wajibu wao.

Angalia vizuri suala la mlezi wa kisheria, kwa sababu hapo ndipo makarani wa mirathi husahau zaidi. Mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, ambaye bintiye ameteuliwa kumsimamia mali, hafanani hata kidogo na picha ambayo watu wanayo ya mtu hatari, na karani mwenye huruma anaweza kuona kwamba kulituma jina lake ni kumdhalilisha. Sheria haikuweka kigezo cha hatari peke yake. Kanuni za serikali kuu zinataja makundi mawili: yule ambaye mamlaka halali imeamua kwamba ni hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, na yule ambaye imeamuliwa kwamba hana uwezo wa kiakili wa kuingia mikataba au kuendesha shughuli zake. Baba huyo yumo katika kundi la pili, na jina lake linapaswa kutumwa.

Ni muhimu vilevile kujua kisichotumwa. Mtu aliyejipeleka hospitalini mwenyewe na kukubali kulazwa hajalazwa kwa amri. Mtu aliyechukuliwa na askari kwa dharura na kuzuiwa kwa saa chache ili apimwe na daktari hajalazwa kwa amri. Amri ya kumweka mtu chini ya uangalizi akisubiri shauri lake lisikilizwe haimo katika orodha ya kifungu, na kanuni za serikali kuu zinasema waziwazi kwamba kuwekwa hospitalini kwa uchunguzi tu hakuhesabiwi. Karani anayetuma majina ya watu hawa ili awe upande wa usalama anawavua haki ambayo hakuna jaji aliyewavua. Ukikutana na amri iliyo mpakani, kwa mfano ya matibabu ya nje ya hospitali iliyo na maneno yanayoonesha kwamba jaji ameona hatari, usiitume wala kuiacha kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwandikie mwanasheria wa kaunti, na uweke jibu lake kwenye jalada.

Kuhusu siri ya mgonjwa, hofu yako ni ya haki na ningesikitika kama usingekuwa nayo. Kifungu kinataka vitu vinne tu: jina kamili la mtu pamoja na rangi na jinsia yake, namba yoyote ya utambulisho inayojulikana, kama ile ya hifadhi ya jamii, leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, tarehe ya kuzaliwa, na sababu ya kisheria inayomfanya awe miongoni mwa waliokatazwa. Hapana nafasi ya jina la ugonjwa, wala dawa, wala ripoti ya daktari, wala maneno aliyoyasema ndugu yake kizimbani. Ukijikuta unaambatisha cheti cha uchunguzi wa kitabibu, umeshavuka mpaka. Idara nayo imefungwa na sheria: taarifa hizo ni za siri, si kumbukumbu za umma, na inaruhusiwa kuzipeleka kwa FBI kwa kiwango kinachohitajika kwa ajili ya orodha ya waliokatazwa. Mhusika mwenyewe ana haki ya kuziona zinazomhusu na kuomba zisahihishwe. Muuzaji wa bunduki haambiwi sababu ya kukataliwa kwa mteja wake. Anayeweza kuiomba ni yule aliyekataliwa, kwa kuiandikia FBI.

Hapa niongeze jambo ambalo miongozo ya Kiingereza haiwezi kukufundisha, na ambalo wewe, kwa asili yako, unalijua kuliko wenzako wote ofisini. Kumbukumbu za jinai huambatana na alama za vidole, ndiyo maana zikichanganywa zinaweza kutenganishwa. Kumbukumbu za afya ya akili hazina alama za vidole. Hutafutwa kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba za utambulisho. Sasa fikiria watu wetu waliopitia kambi za Nyarugusu au Kakuma. Wengi waliandikishwa na tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 kwa kuwa hawakuwa na cheti, na wengi wana majina matatu ambayo hakuna hata moja lililo la ukoo kwa maana inayotakiwa na fomu za Marekani, hivyo jina lililo mwisho kwenye kadi ya ukaazi linaweza kuwa la katikati kwenye leseni ya udereva. Ukituma «Mukamba Bahati, Januari 1, 1985» bila namba yoyote, unaweza kumfungia mlango Bahati mwingine kabisa anayeishi mji wa jirani, na papo hapo ukamwachia mlango wazi yule aliyekusudiwa, kwa kuwa dukani atajiandikisha kama Bahati Mukamba. Hilo jina ni la kubuni, lakini tatizo lenyewe si la kubuni. Chukua dakika tano zaidi: tafuta namba ya leseni au ya hifadhi ya jamii ndani ya jalada, linganisha mpangilio wa majina na kitambulisho cha jimbo, na pale jalada linapoonesha kwamba mtu ana mpangilio zaidi ya mmoja wa majina, uliza idara namna ya kuyaingiza yote. Katika wajibu wote ulioniuliza, huu ndio ambao kuutimiza vizuri kunawalinda watu wengi zaidi, na hauhitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Makosa ya jinai yana njia yake, nami nitayapitia kwa ufupi kwa sababu hayako mezani kwako. Karani wa mahakama ya jinai hapa Texas anatakiwa kuripoti matokeo ya shauri kwa idara hiyohiyo ndani ya siku 30. Shida kubwa kitaifa ni kukamatwa kulikorekodiwa na hukumu isiyorekodiwa: FBI huona kwamba mtu alikamatwa, haijui kama alitiwa hatiani au aliachiwa, na zile siku tatu zinaanza kuhesabiwa. Katika mashambulizi ya kigomvi ya nyumbani kuna ugumu mwingine, kwamba tangu 1996 hata kosa dogo la ukatili dhidi ya mwenza linamkataza mtu silaha, lakini hati ya hukumu mara nyingi husema «shambulio» tu bila kueleza uhusiano wa mshambuliaji na aliyeshambuliwa. Ndiyo sababu jaji wa Texas anatakiwa kuandika rasmi kwamba ameona kosa lilihusu ukatili wa kifamilia, na karani asiyeuingiza mstari huo katika taarifa yake ameuacha ukaguzi gizani. Amri za ulinzi nazo husafiri kupitia polisi hadi kwenye hazina ya taifa ya watu wanaotafutwa, na mwaka 2024, katika shauri la Rahimi lililotoka hapahapa Texas, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwa kura nane dhidi ya moja kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyimwa silaha kwa muda wa amri hiyo.

Nirudi kwenye yale majalada ya zamani, kwa kuwa nadhani ndiyo yanayokunyima usingizi. Kifungu kinasema kwamba wajibu wa karani hauathiriwi na rufaa iliyokatwa baadaye, wala marekebisho ya amri, wala kwisha kwa muda wake. Amri ya kulazwa kwa siku 45 iliyotolewa miaka sita iliyopita ilikwisha siku ya 46, na mgonjwa pengine yuko kazini leo akiwa na afya njema, lakini katazo la serikali kuu halikwishi pamoja na amri. Linabaki mpaka aondolewe kwa njia ya kisheria. Sheria ya 2009 yenyewe iliwataka makarani warudi nyuma hadi amri za Septemba 1, 1989, kwa hiyo hoja ya kwamba jambo limepitwa na wakati haina mahali pa kusimama. Kuchelewa hakufuti wajibu.

Ningekushauri ufanye hivi. Mjulishe karani mkuu kwa maandishi kwamba umekuta majalada yasiyo na uthibitisho wa kutumwa, ukitaja namba zao bila kumlaumu aliyekutangulia. Omba idara ithibitishe ni yapi ilishayapokea, ili usitume mara mbili. Kisha tuma yaliyobaki, ukianza na ya karibuni, na kwa kila moja weka ndani ya jalada uthibitisho wa siku ya kutuma. Ukiona haya kuyafichua makosa ya ofisi, zingatia kilichotokea Sutherland Springs, humuhumu Texas, Novemba 5, 2017, ambapo mtu mmoja aliwaua watu 26 kanisani, mtoto aliyekuwa bado tumboni akihesabiwa. Mahakama ya kijeshi ilikuwa imemtia hatiani mwaka 2012 kwa kumshambulia mke wake na mtoto mdogo, na hukumu hiyo ilitosha kumzuia kununua silaha, lakini Jeshi la Anga halikuipeleka kwa FBI. Mwaka uliofuata Congress ilipitisha sheria inayozitaka idara za serikali kuu zithibitishe kila nusu mwaka kwamba zinatuma kumbukumbu zao, na mwaka 2021 jaji wa mahakama ya serikali kuu aliamua kwamba Jeshi la Anga linabeba sehemu kubwa ya lawama, asilimia 60. Hukumu ilikuwepo, faili lilikuwepo, na waliojua walikuwa wengi.

Sasa swali lako la mwisho, la mtu aliyepona. Njia iko, na inapita katika mahakama ileile iliyomlaza. Kifungu cha 574.088 cha Kanuni ya Afya na Usalama ya Texas kinamruhusu mtu aliyemaliza huduma alizoamriwa kuiomba mahakama imrejeshee haki yake. Jaji huangalia historia yake ya afya ya akili, historia yake ya jinai na sifa yake katika jamii, na ili amkubalie ni lazima aridhike kwamba mtu huyo hana dalili ya kutenda jambo la kuhatarisha umma na kwamba kumrejeshea haki ni kwa maslahi ya umma. Mwombaji anaweza kuleta barua za madaktari, za mwajiri, za mchungaji au shehe anayemfahamu. Wengi wa watu wetu hawajui kwamba njia hii ipo, na ingawa karani haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria, hakatazwi kumwonesha mtu kifungu kinachohusika na kumwelekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu.

Maombi hayo yakikubaliwa, au amri ya awali ikitenguliwa katika rufaa, kalamu inarudi mkononi mwako. Kwa maombi yaliyokubaliwa una siku zilezile 30 tangu uamuzi kutolewa. Kwa amri iliyotenguliwa una siku 30 tangu upokee hati ya mahakama ya rufaa. Hapa nakuomba uwe mkali zaidi kwa nafsi yako kuliko pengine popote, kwa sababu mtu aliyeshinda shauri lake hudhani mambo yamekwisha, hana habari kwamba bado kuna taarifa ya kutumwa, na hatajua kwamba haikutumwa mpaka siku atakapokataliwa dukani, au atakapoomba kazi ya ulinzi inayomtaka awe na silaha. Baadhi ya ofisi huweka kalenda ya amri za kulaza peke yake, na amri za kurejesha haki, ambazo ni chache, hupotea katikati ya karatasi nyingine. Ziwekee kalenda yake. Na mtu akija kwako na barua ya kukataliwa wakati anadai kwamba hakuwahi kufikishwa mbele ya jaji yeyote, usimwambie arudi kesho. Tafuta jalada, linganisha tarehe ya kuzaliwa na namba, na kama ni jina lililogongana, mpatie hati rasmi ya mahakama inayoonesha hivyo, kwa kuwa FBI hupokea rufaa za waliokataliwa na ina utaratibu wa kumpa mtu wa aina hiyo namba maalumu ya kutumia katika ukaguzi wa baadaye, ili asichanganywe tena na mwenzake wa jina.